Je, huduma zimezika obijekti?

Kwa wengi wanaojifunza kutengeneza programu, wa Mtwara na Lindi wakiwemo, imani moja imedumu: usanifu wa huduma (programu zinazojitegemea, zinazopokea na kujibu ujumbe kupitia mtandao) umeufuta usanifu wa obijekti (vipande vya programu vinavyobeba data pamoja na kazi zake), na anayeandika obijekti leo amepitwa na wakati.

Imani hiyo ina chanzo. Teknolojia kama CORBA, iliyotoka mwaka 1991, ziliwezesha programu kuita obijekti iliyo kwenye kompyuta nyingine, yaani kuiomba ifanye kazi, kana kwamba iko humo humo. Wazo lilivutia, ila mtandao haufichiki. Mwito wa ndani huhesabiwa kwa nanosekunde, wa mtandaoni kwa milisekunde, tena unaweza kukatika usijue kama kazi imefanyika.

Chukua mfumo wa ghala la korosho. Kuiuliza obijekti ya mbali uzito, kisha daraja, kisha jina la mkulima, ni safari tatu. Huduma iliyopangwa vizuri hupokea ujumbe mmoja na kurudisha stakabadhi nzima. (Ikikatwa vipande vidogo mno, nayo huzaa safari zile zile.) Lakini ifungue ndani: mara nyingi utakuta obijekti za Mkulima, Gunia na Stakabadhi. Huduma ni mpaka wa nje, obijekti ni mpangilio wa ndani. Mimi sioni ugomvi hapo.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Pima muda wa mwito wa ndani, kisha wa kwenda kwenye seva (kompyuta ya mbali), halafu zima mtandao katikati ya mwito uone kinachotokea. Au pakua huduma yoyote ya chanzo huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) iliyoandikwa kwa lugha ya Java, uangalie klasi zilizomo, yaani violezo vya kuundia obijekti.