Farasi jike mzee: apandishwe tena au aachwe?

Maswali haya nayasikia sana kwa wenye farasi na masaisi wa Karen na Lang'ata, hasa jike wa mbio akishastaafu kule Ngong na mwenyewe anatamani mtoto wake.

Daktari, kuna umri maalumu wa kuacha?

Hakuna. Uwezo wa kushika mimba huanza kushuka akikaribia miaka 15, na baada ya 20 hushuka sana. Mayai yamezeeka, na mimba nyingi hutoka mapema kabla hujajua kama zilikuwepo. Ila mimi huanza na swali jingine: amezaa mara ngapi, na mara ya mwisho lini?

Wangu ana miaka 16, hajazaa hata mara moja. Si ndiyo afadhali, hajachoka?

Wengi hudhani hivyo, kumbe ni kinyume. Mji wa mimba huzeeka hata usipobeba kitu, huota makovu. Halafu mlango wa kizazi wa jike mkubwa asiyewahi kuzaa mara nyingi hugoma kulegea akiwa kwenye joto. Akipandishwa, uchafu na majimaji havipati pa kutokea, vinakaa ndani na kuleta maambukizi. Jike wa miaka 18 anayezaa kila mwaka bila taabu ningemwamini kuliko huyo wako.

Nitajuaje kabla sijalipa pesa ya dume?

Saisi amshike hatamu, wewe inua mkia. Kwa jike mwenye nyama, midomo ya uke husimama wima chini ya mkundu. Kwa mzee aliyekonda, mkundu umezama ndani na uke umelala mshazari, kinyesi kikidondoka kinapita juu yake. Akitembea ukasikia hewa ikifyonzwa, tayari uchafu unaingia. Sehemu ya juu hushonwa, na nyuzi hufumuliwa kabla hajazaa. Usisahau hilo la pili.

Yanayobaki ni ya daktari wa mifugo: ultrasaundi, kipimo cha vijidudu, na kipande kidogo cha ukuta wa mji wa mimba cha kupimwa maabara. Kipande hicho hupewa daraja. La 3, lililo baya zaidi, lina maana kwamba nafasi ya kufikisha mtoto ni chini ya 10 kwa 100. Hapo mimi hushauri pesa ibaki mfukoni.

Na yeye mwenyewe yuko hatarini?

Ndiyo. Majike wazee ndio hasa hupasuka mshipa mkubwa wa mji wa mimba wakati wa kuzaa. Anatoka jasho, fizi zinapauka, na anaweza kufa bila tone la damu kuonekana nje. Tena mimba ni miezi 11. Anayechechemea tayari usimtwike mzigo huo.

Tusubiri msimu gani?

Nairobi iko karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo wengi huingia joto mwaka mzima, kila siku 21 hivi. Kubalianeni mapema mtajaribu mara ngapi. Mkishindwa, ana kazi nyingine: vitoto vinavyoachishwa ziwa hutulia vikifungiwa malishoni na jike mzee.