Nani aliijenga miji ya mawe ya pwani?

Wengi tulisomeshwa kwamba Kilwa, Lamu na Mombasa ni miji iliyoletwa na Waarabu na Washirazi (watu wa Uajemi), na kwamba wenyeji waliikuta imekwisha kusimama. Si kweli, na inasikitisha kuona hadithi hii bado inarudiwa.

Tuangalie Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, karibu na Lamu. Wachimbaji wa mambo ya kale walifukua pale miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe walikuta misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya zamani zaidi ikifika karne ya 8. Nyumba za kwanza zilikuwa za udongo na makuti. Matumbawe na chokaa vilikuja baadaye, palepale, taratibu. Hata vyungu vyao vinafanana na vya watu wa bara. Na vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko ya palepale pwani, ambazo urefu wake una kikomo.

Wageni walikuwepo, tena walioana na wenyeji. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha mchanganyiko huo kuanzia karibu mwaka 1000: asili ya Kiajemi ikitoka hasa kwa wanaume, ya Kiafrika hasa kwa wanawake. Lakini kufikia wakati huo Shanga ilikuwa na watu na msikiti kwa zaidi ya miaka 200.