Mjamzito na Shughuli za Nyumbani: Maswali na Majibu Kabla ya Idi na Akika

Nyumba za pwani hazikosi shughuli. Mimba inaingia miezi saba na Idi inakaribia, wifi anaolewa, na mama mwenyewe anataka mtoto akute nguo na mkeka uliotengenezwa kwa mikono ya nyumbani. Maswali haya huulizwa na wajawazito, waume zao na mama wakwe. Jibu langu kwa mengi ni ndiyo, fanya. Kukaa na wenzako mkisuka ukili au mkikata vileja ni raha, na mjamzito anaihitaji raha hiyo. Lakini kuna mambo manne nataka wengine wambebee: moshi, kemikali, damu ya mnyama na mizigo mizito.

Idi itanikuta na miezi saba. Nipike, au nikae tu?

Pika, lakini ukiwa umekaa. Kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kusukuma mahamri mezani na kuonja chumvi ni kazi zako. Kuteremsha sufuria ya pilau ya watu thelathini si kazi yako. Kubeba ndoo za maji nako waachie vijana. Gawanya kazi kwa siku kadhaa: vileja na visheti vinakaa, vitengenezwe mapema, ili mkesha wa Idi usikukute umesimama mpaka usiku wa manane. Miguu ikivimba jioni na kunywea asubuhi, hiyo ni kawaida ya ujauzito. Ikivimba pamoja na uso na mikono, nenda kituo cha afya ukapimwe presha.

Vidonge vya kuongeza damu usiviache kwa sababu ya shughuli. Usivimeze na chai wala kahawa, kwani vinywaji hivyo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, kisha chai ya mahamri isubiri saa moja au mbili.

Mimi nimezoea mkaa, na nyumba bila udi si nyumba ya Idi. Kuna ubaya?

Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hiyo hewa inapita kwenye kondo la nyuma na kushika damu ya mtoto, tena humchukua mtoto muda mrefu kuliko mama kuitoa. Kwa hiyo jiko la mkaa likae uani au barazani penye upepo, kamwe lisiingizwe ndani na madirisha yamefungwa, hata kama mvua inanyesha. Ukisikia kichwa kinagonga na kizunguzungu ukiwa jikoni, toka nje papo hapo.

Udi ni moshi vilevile, na ndani ya chetezo kuna kaa la moto. Fukizeni nyumba na nguo wakati mama hayupo chumbani, madirisha yawe wazi, naye aingie moshi ukishatoka. Harufu itabaki kwenye nguo na mapazia. Mtoto akizaliwa asifukizwe kabisa. Mapafu yake bado ni machanga.

Tunachinja nyumbani Idi ya kuchinja. Naweza kusaidia kuosha utumbo?

Hapana, na hapa sina nafasi ya kulegeza. Damu na viungo vya mnyama vinaweza kubeba vijidudu vinavyoharibu mimba, ikiwemo brusela na toksoplazima. Kuna pia Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 2006 na 2007, na ambayo watu wengi huipata kwa kugusa damu na viungo vya mifugo wagonjwa. Mbuzi au kondoo anayezaa, au aliyetupa mimba, mjamzito asimsogelee wala asishike kondo lake.

Nyama ikishaoshwa na kukatwa na wengine, wewe kula, lakini iwe imeiva mpaka ndani, bila wekundu. Mishikaki ya kuungua nje na mbichi katikati waachie wageni wa kiume wanaoipenda hivyo, ingawa hata wao nisingewashauri. Maini yana vitamini A nyingi, na ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Usiyafanye mboga ya kila siku eti kwa sababu yanaongeza damu.

Pilau iliyobaki usiku?

Wali uliopikwa ukiachwa kwenye sufuria mpaka asubuhi huota vijidudu, na baadhi hutoa sumu isiyokufa hata ukiupasha moto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kitolewe kwenye sufuria, kipoe haraka kwenye sahani pana, kiingie friji. Kikitoka kipashwe mpaka kitoe mvuke. Kama hamna friji, gawieni majirani siku hiyohiyo. Kachumbari iwe ya mboga zilizooshwa kwa maji safi, ikatwe karibu na wakati wa kula.

Nataka kupaka hina na piko kwa ajili ya arusi ya wifi. Inaruhusiwa?

Vitu hivi viwili vimezoea kutajwa pamoja, lakini kiafya vina tofauti kubwa. Hina ya majani, inayosagwa, kuchujwa na kukaa mkononi saa kadhaa mpaka itoe wekundu, kwa wajawazito wengi haina tatizo. Isipokuwa kama umeambiwa hospitali kwamba una upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayofanya chembe nyekundu za damu zipasuke zikikutana na vitu fulani. Hina ni mojawapo.

Piko ndiyo inayonitia wasiwasi. Piko nyingi sokoni ni dawa ya kupaka nywele, ina kemikali inayofupishwa PPD, na kwa baadhi ya watu huleta malengelenge, vidonda na makovu yanayofuata umbo la ua lilelile lililochorwa. Mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha. Mjamzito anayeungua mikono wiki chache kabla ya kushika mtoto ana mateso ambayo angeweza kuyaepuka. Kwa hiyo chagua hina, na mpambaji anayekuambia rangi yake nyeusi inashika kwa dakika chache, mshukuru na uondoke.

Jambo moja dogo wapambaji hawaliambiwi: acha angalau kidole kimoja cha kila mkono bila rangi kwenye kucha. Ukienda kujifungua, wahudumu huangalia weupe wa kucha kujua kama damu imepungua, na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kushindwa kusoma kupitia rangi nyeusi.

Mtoto mchanga asipakwe hina mwilini. Wala wanja machoni: baadhi ya wanja una madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto.

Mume wangu anapaka rangi chumba cha mtoto. Nimsaidie?

Mchagulie rangi, kisha ukalale kwa mama yako siku hizo. Kukwangua rangi kuukuu ndiyo kazi mbaya zaidi, kwa sababu rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake likiingia mwilini hujificha kwenye mifupa na kutoka tena wakati wa ujauzito. Rangi ya maji ina madhara machache kuliko rangi ya mafuta yenye thina. Kupanda stuli kutundika mapambo nako hapana: tumbo limebadilisha uzito wa mwili, na mguu unateleza kirahisi.

Nasuka mikeka, nafuma soksi za mtoto, na kikundi chetu kinatengeneza batiki. Vipi?

Kusuka na kufuma endelea. Kaa kwenye kiti chenye egemeo badala ya sakafu, inuka utembee kila baada ya muda. Vidole vikifa ganzi, hasa usiku, ni uvimbe wa ujauzito unaobana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Pumzisha mkono, na mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Miyaa ikichemshwa na rangi za unga, mwingine asimamie sufuria.

Batiki ni habari nyingine. Kostiki, ile kemikali kali ya kuchanganyia rangi, inaunguza ngozi na macho, na unga wa hidrosalfaiti unaochanganywa nayo hutoa mvuke unaokaba pumzi. Nta ya moto nayo ina moshi wake. Waambie wenzako uko tayari kupiga pasi vitambaa vilivyokauka, kuvikunja na kuhesabu pesa, mpaka ujifungue.

Mama mkwe ametunza nguo za watoto wake kwenye sanduku. Zinafaa?

Zinafaa, tena zina baraka ya familia. Uliza tu zilihifadhiwa na nini. Zile tembe nyeupe za kuzuia nondo na mende, naftalini, ni hatari kwa mtoto mchanga kuliko wengi wanavyofikiri. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, ambao uko kwa wingi katika sehemu zenye malaria kama kwetu, akivalishwa au kufunikwa nguo zenye harufu ile, damu yake inaweza kuvunjika na manjano kupanda mpaka kufika ubongoni. Hakuna dalili usoni inayokuonyesha mapema kwamba mtoto wako ana upungufu huo.

Zitoe nguo sasa, usisubiri uchungu. Zifue, zianike juani, zirudie kufuliwa mpaka harufu iishe kabisa. Ikibaki, ziweke kando. Zipige pasi kote, mishono ikiwemo, kwa sababu kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje na funza wake huingia ngozini. Mtoto akiwa wa manjano siku ya kwanza, au manjano yakifika viganjani na nyayoni, au akikataa kunyonya, mpelekeni hospitali. Jua la asubuhi si tiba yake.

Na ule mto mdogo wa sufi unaoshonwa kwa mapenzi, mpambie kitanda mchana tu. Mtoto alale chali bila mto, bila midoli, bila shanga wala uzi shingoni, ndani ya chandarua.

Nikijisikia vibaya katikati ya shughuli?

Damu ukeni, maji kuchuruzika, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu ya tumbo yasiyoachia, homa, degedege, au mtoto kupunguza kucheza: ondoka hapohapo, wageni wataelewa. Ukianguka, nenda ukapimwe hata kama huoni damu, kwani kondo la nyuma linaweza kuachia na damu ikabaki ndani. Mume, watu wakiwa wamekusanyika ndiyo nafasi ya kujua nani ana gari usiku, nani yuko tayari kutoa damu, na sehemu gani ya michango inawekwa kando kwa ajili ya kujifungua.

Akika siku ya saba, wageni watamshika mtoto. Na asali?

Wageni wanawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua au kidonda cha mdomo ambariki kwa mbali, asimbusu. Asali asilambishwe mtoto yeyote ambaye hajatimiza mwaka, hata tone, kwani inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli mpaka ya kupumulia. Maziwa ya mama yanamtosha mpaka miezi sita. Asali hiyo apewe mama aliyezaa, kwenye uji wake.