Uongozi wa usimamizi wa maarifa ni nini?

Fundi wa mamlaka ya maji akifikisha miaka 60, anastaafu. Mafaili yanabaki masjala na ramani za mabomba zinabaki kabatini. Anachoondoka nacho ni yale ambayo hayakuandikwa popote: valvu ipi hukwama mvua zikianza, bomba lipi lilihamishwa bila ramani kurekebishwa. Kuhakikisha ujuzi wa aina hiyo unarithishwa na kutumika ndiyo kazi ya usimamizi wa maarifa. Uongozi wake ni wajibu wa wakubwa wa kazi kuutengea muda na fedha, na kumlinda anayesema anachokijua.

Wengi huchanganya maarifa na taarifa. Taarifa hukaa kwenye faili, ilhali sehemu kubwa ya maarifa hukaa mikononi na machoni mwa mtu, naye mwenyewe huenda asiweze kuyaeleza. Ndiyo maana ofisi iliyonunua mfumo wa kompyuta ikaishia hapo imepata ghala la nyaraka tu.

Kampuni ya Matsushita ya Japani iliyaona hayo katikati ya miaka ya 1980, ilipokuwa ikitengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mkate uliungua nje, ndani ukabaki mbichi. Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini Osaka. Kwa kufanya naye kazi aligundua kwamba mwokaji yule huuvuta unga na kuusokota kwa namna yake. Wahandisi wakaiga msokoto huo kwa kuweka vipande vilivyochomoza kama mbavu ndani ya mashine, ikafanya kazi. Mimi huvutiwa zaidi na uamuzi uliotangulia: kuna mkubwa aliyekubali mtaalamu wa programu aache meza yake akakande unga.

Katika taasisi za umma, jeshi la nchi kavu la Marekani lina utaratibu wake. Baada ya zoezi, wahusika hukaa pamoja na kuulizana: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini, na safari ijayo tufanyeje? Askari wa chini anaruhusiwa kutaja kosa la kamanda. Kamanda akimkaripia wa kwanza kusema, wa pili hatafungua mdomo, na utaratibu wote umekufa siku hiyo.

Vikwazo havifanani. Serikalini, barua ya uhamisho hufika ghafla, na makabidhiano yakawa ya funguo, gari na samani. Kwenye kampuni binafsi mtu huficha ujuzi kwa kuona ndio kinga ya ajira yake, na bosi anayetoa bonasi kwa aliyewashinda wenzake humpa sababu ya kuendelea kuficha.

Ukitaka kujua kama taasisi yako ina uongozi huu, omba orodha ya watakaostaafu mwaka ujao, kisha uliza ni nani anayefanya kazi bega kwa bega na kila mmoja wao sasa hivi.