Somo la Sanaa kwa Watoto Wadogo: Ufafanuzi kwa Walimu na Wazazi wa Bagamoyo

Ofisi yetu ya uthibiti ubora wa shule imepokea malalamiko ya wazazi ambao watoto wao wa darasa la awali walirudishwa nyumbani kwa kukosa boksi la rangi. Ieleweke kwamba tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za umma hutolewa bila ada, na mtoto hazuiwi kuingia darasani kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Mzazi mwenye lalamiko aanze kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata, na ndipo afike halmashauri akiwa na maelezo ya maandishi yenye jina la shule, tarehe na kiasi alichodaiwa. Anayeruka ngazi hurudishwa chini, na hapo hupotea muda wake na wetu.

Isitoshe, rangi za dukani si sharti la somo. Udongo wa mfinyanzi ulioloweshwa usiku kucha, mabaki ya ukili, makuti, mkaa uliosagwa, manjano iliyokorogwa kwa maji, na uji mzito wa unga wa muhogo badala ya gundi, vyote hupatikana hapa hapa. Kwa kuwa kipindi cha darasa la awali ni dakika 20, vifaa vipangwe mkekani kabla watoto hawajaketi. Mwalimu anayegawa udongo kwa dakika 12 amebakiwa na nane tu.

Linalotusumbua zaidi ni somo kugeuzwa zoezi la kunakili. Katika darasa moja nililoketi nyuma, mwalimu alichora samaki ubaoni, watoto wote wakatakiwa kumchora vile vile. Mtoto mmoja alichora mashua yenye wavu mkubwa kuliko chombo chenyewe, akawekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba wavu ukijaa ndio unaoivuta mashua, jambo ambalo mvuvi yeyote wa hapa angelikubali bila ubishi. Mtoto huyo alikuwa amefikiri, akachagua na kueleza, na hayo ndiyo yanayopimwa, wala si kufanana kwa mchoro wake na wa mwalimu.

Wapo pia wazazi wanaodai kwamba mtoto hakupelekwa shule kufinyanga. Tumelijibu hili mara nyingi kuliko inavyostahili: vidole vinavyokanda udongo ndivyo vitakavyoshika penseli, na asiyekanda huenda akachelewa kuandika.

Kuhusu adhabu, kuchafua sare kwa udongo si utovu wa nidhamu. Kwa kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002, kiboko hutolewa kwa kosa kubwa pekee, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kisizidi viboko vinne, na kila tukio liandikwe katika daftari maalumu. Mwalimu wa darasa anayechapa kwa uamuzi wake mwenyewe amevunja kanuni na atachukuliwa hatua za kinidhamu.

Kazi za watoto ziandikwe jina na tarehe kwa nyuma, zibandikwe ukutani kwa kimo cha mtoto, si cha mgeni rasmi, na zitunzwe hadi mwisho wa muhula, kwa kuwa mthibiti ubora ataomba kuziona pamoja na andalio la somo.