Chai Baridi ya Matunda: Tunayoyasikia na Yaliyo Kweli

Kila Ramadhani, na tena embe zinapojaa sokoni mwezi wa Desemba, nyumbani kwetu hakukosi jagi la chai baridi ya matunda. Na hakukosi mgeni wa kuonja na kuuliza, "Mbona yangu haitoki hivi?" Nikimuuliza ameipikaje, jibu ni lile lile: alichukua chai ya rangi iliyobaki asubuhi, akakamulia pesheni, akatia barafu. Dhana hiyo ndiyo mama wa nyingine zote.

"Chai baridi ni chai ya moto iliyopoa"

Sivyo. Ulimi hauhisi utamu wa kitu cha baridi kama unavyohisi wa kitu cha moto, na juu ya hapo barafu huyeyuka na kuizimua chai. Chai iliyokolea vizuri kikombeni asubuhi, ukiihamishia kwenye glasi yenye barafu, huishia kuwa maji ya rangi. Chai ya kunywa baridi hupikwa nzito tangu mwanzo. Kwa jagi la lita 1 mimi hutumia nusu lita tu ya maji ya moto na vijiko vikubwa 2 vya majani, visivyojaa sana. Nusu lita iliyobaki ni nafasi ya juisi, maji baridi na barafu.

"Ukitaka ikolee, ichemshe sana"

Hapa ndipo tunapoharibu wengi wetu, na sababu inaeleweka: tumelelewa kwenye chai ya maziwa. Majani tunayonunua dukani, yawe ya Kericho au ya Mufindi, kwa kawaida ni yale yaliyosagwa na mashine yakawa punje ndogo ndogo. Punje hizo hutoa rangi na nguvu yake kwa dakika chache tu. Ukiendelea kuzichemsha, kinachozidi kutoka ni tanini, ile inayoacha ukakasi mdomoni kama ndizi mbichi. Kwenye chai ya maziwa huoni shida, kwa sababu protini za maziwa huzishika tanini na kuzilainisha. Chai ya matunda haina maziwa ya kuifichia kosa hilo, na baridi imeshapunguza utamu ambao ungesaidia. Ndiyo maana watu wanaongeza sukari, na tena sukari, na ukakasi bado uko pale pale.

Kwa hiyo chemsha maji peke yake, zima moto, tia majani, funika, hesabu dakika 3 hadi 4, chuja. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza majani, usiongeze dakika.

Wenye subira wanaweza hata kuuacha moto: loweka majani kwenye maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa, weka kwenye friji saa 8 au usiku kucha, kisha chuja. Hutoka laini sana, karibu haina ukakasi. Mimi naipenda hii kwa embe.

"Matunda yachemke pamoja na majani ndipo ladha iingie"

Jiko litanukia hadi kwa jirani, lakini harufu hiyo ndiyo ladha yako inayokwenda na mvuke. Pesheni, au karakara kama wanavyoiita wengine, haipaswi kuonja moto kabisa. Kata, kwangua, chuja mbegu, ongeza juisi chai ikiwa imeshapoa. Embe dodo ni vivyo hivyo: saga, chuja nyuzi, changanya mwisho. Vitamini C nayo hupungua ikipikwa.

Lakini viungo vinavyohitaji moto ni habari nyingine. Tangawizi, mchaichai, mdalasini na maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri, hivyo vichemke dakika 10 kwenye maji kabla majani hayajaingia. Maganda ya nanasi hasa. Inaniuma kuona yanatupwa.

"Imeingia ukungu, imeharibika, mwaga!"

Nimeona majagi mazima yakimwagwa kwa hili. Chai inatoka jikoni nyekundu, safi, unaona hadi upande wa pili wa glasi. Ukiitoa kwenye friji baada ya saa chache imekuwa na utusitusi, kama imetiwa tone la maziwa. Haijaoza. Chai ikipoa, kafeini na zile tanini zilizokuwa zimeyeyuka kwenye maji ya moto hushikana, zikawa chembechembe ndogo zinazoonekana. Tena waonja chai huihesabu hali hiyo kuwa dalili ya majani yenye nguvu, kwa hiyo chai nzuri ndiyo inayokutisha zaidi. Ukitaka ibaki angavu, iache ipoe yenyewe mezani kabla ya kuiingiza kwenye friji. Ikiwa imeshafanya utusitusi huo, mimina maji ya moto kidogo, koroga, itafunguka.

Chai iliyoharibika kweli utaijua: ina harufu ya kuchacha, ina povu, au inavutika kama utelezi. Yenye juisi ndani ikae kwenye friji na inywewe ndani ya siku 2.

"Ndimu imeua chai"

Rangi tu ndiyo iliyopauka, kwa sababu ya ukali wa ndimu. Kafeini iko vile vile.

"Barafu huua vijidudu"

Hii naomba isomwe polepole. Kugandisha maji hakuyasafishi. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vinaweza kukaa hai ndani ya barafu, vikaamka kwenye glasi yako. Umechemsha maji ya chai kwa uangalifu, kisha unatia barafu iliyogandishwa kutoka bombani, au ya kununua usiyojua ilikotoka. Kazi yote imepotea. Barafu ya kunywa itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, basi. Au igandishe chai yenyewe kwenye kile kisahani cha barafu: hapo hata ikiyeyuka haiizimui chai yako.

"Ni matunda, sukari yake haina neno"

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari kwa siku, na ikiwezekana ziwe 25, na katika hesabu hiyo sukari ya juisi ya matunda imo. Kwenye jagi langu natia vijiko vikubwa 3 vilivyosawazishwa, karibu gramu 37, tunagawana watu watano. Sukari naitia chai ikiwa bado ya moto. Si kweli kwamba sukari haiyeyuki kabisa kwenye baridi, ila huchelewa, ikatuama chini, nawe ukidhani haitoshi unaongeza.

"Ilibuniwa Marekani mwaka 1904"

Husimuliwa kwamba Richard Blechynden, aliyekuwa akiitangaza chai ya India, aliitia chai barafu kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya St. Louis, kwa sababu ya joto. Aliitangaza, ni kweli. Lakini kitabu cha mapishi cha Virginia cha mwaka 1879 tayari kilikuwa na maelekezo yake.

"Rozela ni chai nyekundu"

Rozela, au choya, ni ua la mmea mwingine kabisa, wala halina kafeini. Kwa hiyo jagi la watoto usiku baada ya futari nalipika kwa choya na nanasi, na hilo la majani tunabaki nalo sisi wakubwa.