Mustang isiyoitwa Mustang

Wiki iliyopita jamaa mmoja hapa Ujerumani alinitumia picha za Ford ya 1966 anayotaka kuinunua. Muuzaji anadai ni T-5, na kwa neno hilo tu bei imepanda. Jamaa akaniuliza: T-5 ndiyo gari gani tena?

Ni Mustang. Bodi ileile, injini zilezile, limetoka Marekani kama mengine. Ila Ford walipoizindua New York, Aprili 17, 1964, huku Ujerumani jina lilikuwa na mwenyewe: kampuni ya Kijerumani ya Krupp walikuwa na malori yao yanayoitwa Mustang. Krupp walikubali kuliachia jina kwa dola 10,000. Ford wakagoma. Mustang ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 2,368, kwa hiyo tunazungumzia bei ya magari manne na chenji, kwa kampuni iliyouza zaidi ya 400,000 katika mwaka wa kwanza! Wakang'oa jina na kubandika T-5, jina la mradi kabla gari halijaingia sokoni. Hali ikabaki hivyo hadi mwisho wa miaka ya 1970.

Farasi wa nembo hakuguswa. Krupp walimiliki neno, hawakumiliki mnyama, basi akaendelea kukimbia palepale kwenye grili.

Kwa hiyo T-5 utaijua kwa kile ambacho hakipo. Katikati ya usukani hakuna neno Mustang. Kifuniko cha tangi la mafuta kule nyuma, hakuna. Spidomita inasoma kilomita. Fungua boneti: magari ya soko la Marekani yana vyuma viwili vyembamba, kimoja kila upande, vinavyoshikilia minara ya shokapu. Ya kwenda nje yana kipande kimoja kipana kinachofunga minara yote miwili kwenye bati lililo nyuma ya injini, bodi isicheze kwenye barabara mbovu. Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya mbio wa Marekani, alikipenda, akakitia kwenye GT350, Mustang zake za kasi. Mimi sikihesabu kuwa ushahidi, maana siku hizi kinauzwa dukani na kinafungwa kwa bolti chache. Beji ya T-5 vilevile.

Kwenye bamba la mlango wa dereva kuna namba ya wilaya ya mauzo. Ikianza na 9, gari liliagizwa kwenda nje. Ila nje ni pamoja na Sweden na Ufaransa, ambako liliuzwa kwa jina lake halisi.

Picha za jamaa zilionyesha kifuniko chenye neno Mustang na spidomita ya maili. Muuzaji akasema vilibadilishwa. Huenda. Nikamwambia jamaa apitishe mkono nyuma ya madigadi ya mbele, apapase mahali ambapo herufi za Mustang hukaa.

Jioni akapiga simu: kuna matundu yamezibwa puti, yaani herufi za Mustang ziliwahi kukaa hapo. Gari bado analitaka, rangi imemteka. Nimemwambia alinunue, lakini kwa bei ya Mustang.